Mgeni anayejitolea apewe mwenyeji na msimamizi, si hosteli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala ambao umekuwa ukiendelea kuhusu vijana wa kigeni wanaokuja Moshi na Arusha kujitolea. Wapo wasomaji walioandika kwamba vijana hao ni baraka, kwa kuwa huleta madaftari, rangi za kupaka madarasa na fedha zinazobaki mjini. Wapo pia waliojibu kwamba hao ni watalii tu, wanaolipia kupiga picha na watoto yatima kisha wakapanda ndege kurudi kwao. Pande zote mbili zinamtazama mgeni. Hakuna aliyeuliza sisi wenyeji tunampokeaje, tunamlaza wapi, tunamkabidhi kwa nani, na ni nani kati yetu mwenye mamlaka ya kumwambia kwamba kazi aliyoichagua haihitajiki. Nionavyo mimi, hapo ndipo penye jibu, na nasema hivyo kwa sababu nimewahi kukaa upande wa pili: baada ya kustaafu nimeishi karibu miaka miwili nikijitolea ugenini, katika jumuiya ya wakulima wadogo nchini Jamaika.

Sitachosha wasomaji kwa kueleza nilivyofika huko. Ulikuwapo mpango wa kubadilishana watumishi kati ya makanisa, walihitaji mtu aliyezoea kahawa ya mkulima mdogo, nami nilikuwa nimemaliza utumishi wangu wa ugani nikiwa bado na nguvu za kupanda mlima. Kijiji nilichopangiwa kiko juu ya mji mdogo wa Mavis Bank, katika jimbo la St. Andrew, kwenye miteremko ya Milima ya Blue. Kilele cha milima hiyo kina mita 2,256, hakifiki hata nusu ya Kilimanjaro yetu, lakini mashamba yake yamening'inia kwenye mteremko kiasi kwamba mchumaji hulazimika kujishikiza kwenye shina la mbuni, yaani mti wa kahawa, kwa mkono mmoja huku akichuma kwa mkono mwingine. Mbuni uliingia kisiwani humo mwaka 1728, zaidi ya karne moja kabla haujafika huku kwetu. Leo sheria yao hairuhusu kahawa kuitwa kwa jina la milima hiyo isipokuwa imelimwa katika eneo lililoainishwa ndani ya majimbo ya St. Andrew, Portland, St. Thomas na St. Mary. Husafirishwa ikiwa kwenye mapipa ya mbao, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikuwa ikinunuliwa na Wajapani kwa bei ambayo mkulima wa Kibosho akitajiwa atadhani anataniwa.

Nilipokuwa naaga nyumbani vijana waliniuliza kama nitarudi nimesokota nywele. Ukipita Arusha mjini, kuanzia stendi hadi Kijenge, utaona rangi nyekundu, njano na kijani kwenye pikipiki na vibanda kiasi cha kuamini kwamba Jamaika nzima ni Rasta. Sensa yao ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba Rasta ni kama mtu mmoja katika kila watu mia. Nilichokikuta kijijini ni makanisa, moja kila baada ya kona mbili, akina mama waliovaa kofia zao nzuri siku ya Jumapili, na Wasabato wengi ambao Jumamosi hawashiki jembe. Mtu wa Machame au wa Usangi angejisikia nyumbani kabla hajafungua begi.

Sasa niingie katika lenyewe. Kabla sijafika, kamati ya kijiji ilikuwa imeshaamua nitakaa kwa nani. Sikupewa chumba cha hoteli kule Kingston, wala nyumba yangu peke yangu, ingawa nyumba tupu zilikuwapo, za watu waliohamia Uingereza na Marekani. Nilikabidhiwa kwa mama mjane, mwalimu mstaafu, mwenye nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa mabati, yenye baraza linalotazama bonde, na tangi la kukinga maji ya mvua nyuma ya jiko. Alinieleza masharti yake siku ya kwanza, tukiwa tumesimama barazani, kabla sijakaribishwa kuketi. Nisipite mbele ya baraza la mtu bila kusalimia, hata kama simfahamu na hata kama nina haraka. Nikitoka jioni niseme ninakwenda wapi. Nisipande teksi isiyo na namba nyekundu, kwa sababu hiyo ndiyo alama ya gari lililosajiliwa kubeba abiria. Na nguo zangu nizifue mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini nilizipokea amri hizo kwa furaha, kwa kuwa zilinionyesha kwamba nina mtu atakayeulizwa habari zangu.

Naye aliulizwa kwelikweli. Kila kamati ilipokaa, mtu wa kwanza kutakiwa kunizungumzia alikuwa yeye. Alisema kama ninakula, kama ninaamka, kama ninaongea na watu kwa heshima, na kama ninakaa chumbani na simu. Taarifa yangu ya kazi ilisomwa baada ya maelezo yake, na mara nyingi ilisikilizwa kwa makini pungufu kuliko hayo maelezo. Wenzetu walikuwa na hoja nzito katika hilo: mtu asiyejua kukaa na watu hawezi kuwafundisha kupogoa kahawa, hata kama amesomea upogoaji chuo kikuu.

Kwa upande wa chakula sikuwa mgeni hata kidogo. Ndizi mbichi za kuchemsha, magimbi, viazi vikuu, mchicha, shelisheli iliyochomwa juu ya moto wa kuni: vyote vilikuwa mezani, tena asubuhi, kwa sababu mkulima wa kule hula chakula kizito kabla ya kwenda shambani. Shelisheli nao waliletewa, mwaka 1793, kwa meli ya Waingereza, ili kulisha watumwa wa mashamba ya miwa kwa gharama ndogo. Kitu kipya kwangu kilikuwa akii, tunda lenye asili ya Afrika Magharibi, ambalo hupikwa pamoja na samaki wa chumvi na ndicho chakula chao cha taifa. Mama mwenye nyumba alinipeleka mtini akanionyesha kwa kidole: tunda lililofumba halichumwi, maana lina sumu inayoweza kuua, husubiriwa lipasuke lenyewe juu ya mti mpaka mbegu nyeusi zionekane, halafu utando mwekundu ulio ndani huondolewa wote kabla ya kupika. Jumamosi ilikuwa siku ya supu ya maboga, nyama na donge za unga. Jumapili ulipikwa wali wa nazi uliochanganywa na maharage mekundu, au mbaazi ikikaribia Krismasi. Nazi ilikunwa na mimi, kila Jumapili, nikiwa nimekwisha kuvaa shati la kanisani.

Kazi yangu nayo ilikuwa na mwenyewe. Mwenyekiti wa wakulima, mzee mwenye sauti ndogo na mapanga mawili yaliyonolewa vizuri kuliko wembe, alinitembeza shamba hadi shamba kwa muda mrefu bila kuniruhusu nitoe ushauri wowote. Alinitaka nichume. Kahawa mbivu kule hupimwa kwa sanduku, kipimo cha ratili 60, yaani kama kilo 27, na malipo ya mkulima huhesabiwa kwa masanduku. Mtu ambaye hajawahi kujaza sanduku kwenye mteremko ule, mvua ikinyesha na udongo ukiteleza, hana la kuwaambia waliozaliwa hapo. Baada ya hapo ndipo kamati ilipokaa na kuamua mambo wanayoyahitaji kwangu: kitalu cha miche, na ukataji wa mibuni iliyozeeka na kushambuliwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Pendekezo la kupanda migomba mirefu katikati ya mibuni, kama tufanyavyo vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya ukoo yanayozunguka nyumba, lililetwa mezani na likakataliwa. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya watu wanaoijua nchi yao: kimbunga kikija, mgomba mrefu hulala juu ya mbuni na kuuvunja, kwa hiyo ukapoteza mazao mawili badala ya moja. Waliruhusu migomba michache pembezoni tu.

Nieleze siku moja ya kukata, kwa sababu inaonyesha jinsi mamlaka ilivyokuwa ikifanya kazi. Mzee mmoja aliyekuwa amevuka miaka themanini alikuwa na mibuni aliyoipanda baada ya kimbunga Gilbert cha Septemba 1988, ambacho kilimfagilia shamba lote la zamani. Mibuni hiyo ilikuwa mirefu, imechoka, imebaki na majani ya juu tu yenye unga wa rangi ya chungwa upande wa chini. Mtaalamu yeyote angesema ikatwe. Yeye alisema haikatwi, kwa sababu mara ya mwisho alipobaki bila kahawa alikaa miaka akila deni. Mimi sikuwa na neno. Mwenyekiti ndiye aliyezungumza naye, wakiwa wamekaa juu ya jiwe, na walipoinuka walikuwa wamekubaliana mstari mmoja, ule wa mwisho karibu na kijito. Nikapiga msumeno kwenye shina la kwanza, sentimeta 40 kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ulioelekea bondeni ili maji ya mvua yateremke na yasiozeshe kisiki, nikaacha tawi moja upande wa jua limsaidie mama yake kupumua hadi machipukizi yatoke. Mzee alikuja na kibati cha rangi nyeupe na brashi, akawa anapaka alama kwenye kila kisiki nilichokata. Nilipouliza za nini, akajibu kwamba anataka kujua ni vipi vilivyo vyangu, ili visipochipua ajue wa kumwambia mwenyekiti. Vilichipua, tukabakiza machipukizi matatu kwa kila kisiki, na mwaka uliofuata akatoa mstari wa pili. Hakuwahi kutoa miwili kwa mpigo.

Hapo naomba msomaji atulie kidogo. Mzee yule alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake kuhusu mimi. Ni mkulima gani wa Uru, au mwalimu gani wa shule ya msingi ya Ngaramtoni, ambaye leo anajua aende kwa nani akiona kazi ya kijana anayejitolea haimfai?

Tarehe 23 Mei ni Sikukuu ya Wafanyakazi nchini humo, kwa kumbukumbu ya vuguvugu la wafanyakazi la mwaka 1938. Tangu mwaka 1972, chini ya Waziri Mkuu Michael Manley, siku hiyo ilifanywa kuwa ya kazi za kujitolea kwa jamii badala ya maandamano. Wazee wa kijijini waliokumbuka enzi za Manley walimkumbuka pia Mwalimu Nyerere, rafiki yake, na walipotambua natokea nchi ya Mwalimu walinipa koleo. Sisemi kwa mzaha. Kijiji kizima kilikuwa kikimwaga zege kwenye njia ya miguu ya kwenda zahanati, akina mama wakiwa wameinjika sufuria kubwa chini ya mwembe, na kazi niliyopewa ilikuwa kubeba mchanga kutoka barabarani. Hakuna aliyenipa kiti wala kipaza sauti, na picha iliyopigwa siku hiyo ilikuwa ya zege. Msaragambo wa kwetu, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuwa hivyohivyo zamani, na katika vijiji vingine vya mlimani bado uko. Ninashangaa ni kwa nini mgeni anayejitolea, anayesema amekuja kutusaidia, haitwi kwenye msaragambo.

Lakini mahali nilipohisi kwamba nimepokelewa ni msibani. Kule milimani watu huzikana nyumbani, katika ardhi ya ukoo, kama tuzikanavyo vihambani. Ardhi hiyo ina historia yake. Utumwa ulipokoma kabisa mwaka 1838, wengi wa waliokuwa watumwa waliyakimbia mashamba ya miwa ya tambarare wakapanda milimani, wakanunua au kushika vipande vidogo vya ardhi, wakavirithisha kwa watoto wote bila kuvigawa. Kila aliyezaliwa katika ukoo ana haki ya kujenga hapo, kuchuma matunda na kuzikwa, hata aliyeondoka miaka hamsini iliyopita, na kuuza kipande hicho huhesabiwa kuwa aibu. Nilipokuwa nawaeleza habari za kihamba, wazee hawakuhitaji maelezo marefu. Waliuliza tu kama na sisi tuna ndugu wa mjini wanaotaka kuuza.

Jirani yetu alipofariki, wanaume walikusanyika kuchimba na kujengea kaburi kwa matofali na zege, kazi iliyochukua siku mbili kwa sababu ya miamba. Mama mwenye nyumba aliniamsha alfajiri, akanipa chupa ya chai ya mchaichai na mfuko wa saruji niubebe begani. Hakuniuliza kama ningependa kwenda. Usiku wa tisa baada ya kifo hukesha: watu huimba tenzi, hucheza dhumna kwa kupigiza vipande mezani hadi meza inatetemeka, hula samaki wa kukaanga na kunywa kahawa, na wengine vikali zaidi, na kumsimulia marehemu kwa mema na kwa vituko vyake. Kulipokuwa kunakaribia kucha, nilitakiwa niimbe kitu cha kwetu. Niliimba wimbo wa msibani wa Kichagga, nikaitikiwa na watu ambao hawakujua hata neno lake moja, kwa kufuata sauti tu. Tangu siku hiyo, watoto walioniita Mr. Africa waliacha, wakaanza kuniita kwa heshima ya Mass, wanayowapa wazee wao.

Upatu nao upo, na unaendeshwa kama unavyoendeshwa na akina mama wa Mbuyuni: kila wiki kila mtu anatoa fungu lake, na mmoja anapokea zote kwa zamu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mshika fedha. Alinikubalia niingie baada ya kunichunguza kwa muda mrefu, na alinipanga wa mwisho kupokea, kwa maana iliyo wazi kwa kila mcheza upatu.

Msimu wa vimbunga huanza Juni hadi Novemba. Tarehe 3 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita karibu kabisa na pwani ya kusini ya kisiwa. Siku mbili kabla, kamati ilikuwa imeshapanga kila mzee anayeishi peke yake atalala kwa nani na nani atakwenda kumchukua. Jina langu lilikuwamo katika orodha, mbele ya jina la mzee mmoja wa miguu mibovu aliyekaa ng'ambo ya kijito. Tulipigilia mbao madirishani, tukajaza maji kwenye mapipa, tukafunga mbuzi, tukahamishia magodoro chumba cha kati, na yule mzee nikambeba mgongoni wakati mvua ya kwanza ikianza. Upepo ulipotulia kesho yake, umeme ukiwa umekatika na barabara ya kuteremkia Mavis Bank imezibwa na udongo na miti, wanaume walitoka na mapanga na misumeno wakaanza kufungua njia bila kusubiri katapila. Hakuna aliyenishukuru kwa kumbeba mzee, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu. Na mwaka jana, kimbunga Melissa kilipopiga upande wa kusini magharibi tarehe 28 Oktoba 2025 na kuacha watu wengi bila paa, nilipompigia mama mwenye nyumba alinikatisha haraka. Walikuwa wanapakia masufuria na nguo za kupeleka upande ule.

Nimeeleza haya kwa urefu ili msomaji alinganishe na hali ya hapa. Kijana kutoka Ulaya au Marekani anayetaka kujitolea Moshi huandikisha jina kwa kampuni akiwa kwao, hulipa fedha nyingi, hupokelewa uwanja wa ndege na gari la kampuni, hupelekwa kwenye hosteli yenye ukuta na mlinzi, mara nyingi maeneo ya Shanty Town au Rau, na hukaa humo na vijana wenzake wa kigeni. Asubuhi hupelekwa shuleni, zahanati au kituo cha watoto, mchana hurudishwa, jioni huenda mjini na wale wale. Mwisho wa juma hupanda mlima au hupelekwa Materuni kuona maporomoko na kutwanga kahawa kwa ajili ya picha. Wiki mbili au tatu zikiisha huondoka, na wengine huletwa kushika nafasi. Simlaumu kijana huyo. Ametoa fedha zake na likizo yake, na wengi wao wana moyo mzuri. Lakini ni nani katika mtaa anayejua jina lake? Mwenyekiti wa mtaa hajui yupo. Balozi wa nyumba kumi hajaletewa. Jirani wa hosteli husikia muziki tu.

Linaloniumiza zaidi ni vituo vya watoto. Mtoto mwenye miaka minne anampenda mgeni, anazoea kubebwa, mgeni anaondoka. Wiki inayofuata anakuja mwingine, anambeba, naye anaondoka. Tungekuwa tunamfanyia hivyo mtoto wa ndugu yetu, wazee wangekaa kikao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka taratibu za usajili na usimamizi wa vituo hivyo, na maofisa ustawi wa jamii wapo, lakini ofisa mmoja hawezi kujua kila anayeingia kubeba watoto ikiwa mtaa wenyewe haujui.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi kwa kuwa linahusu watoto wetu. Shule zetu zimejaa vijana wa Kitanzania waliohitimu ualimu, wanaojitolea bila mshahara wakisubiri ajira, wakipewa na kamati ya shule kiasi kidogo cha nauli, na miezi mingine wasipewe. Hao wanaijua lugha ya mtoto, wanajua mtihani, wanajua kwa nini mtoto amelala darasani. Nimeona shule ambapo kijana wetu mwenye stashahada ya ualimu anatolewa mbele ya darasa ili mgeni wa miaka kumi na tisa, ambaye hajasomea ualimu, afundishe Kiingereza kwa nyimbo, kwa sababu mgeni amekuja na mpira na madaftari. Kama kungekuwa na msimamizi mwenye sauti, angemweka mgeni huyo awe msaidizi wa yule mwalimu kijana, na wote wawili wangenufaika.

Najua nitapingwa. Watasema vijana wa kigeni hawawezi kukaa katika nyumba zetu, kwamba choo cha nje kitawashinda, kwamba chakula kitawaumiza tumbo, kwamba wataibiwa. Jibu langu ni kwamba jambo hili limekwisha kufanyika hapahapa nchini. Vijana wa Kikosi cha Amani cha Marekani (Peace Corps), waliokuja nchi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Jamaika vilevile, hukaa kwanza na familia kwa wiki kadhaa wakijifunza Kiswahili kabla ya kupelekwa vituoni mwao, na hutumikia kwa miaka miwili. Wapo Watanzania wengi waliowalea na wanawaita watoto wao hadi leo. Kuhusu usalama, niliishi katika nchi ambayo habari za mauaji yake husomwa duniani kote, na kilichonilinda kilikuwa kwamba kila mtu kuanzia Papine, ambako magari ya milimani huanzia, hadi kijijini alijua mimi ni mgeni wa nani. Ukuta wa hosteli hautoi ulinzi wa namna hiyo.

Wengine watasema tukiweka masharti wageni watakwenda nchi nyingine. Baadhi watakwenda, na wale wa wiki mbili hasa. Tusiwalilie. Anayetaka kuona mlima na wanyama aje kama mtalii, alipe kiingilio cha hifadhi, apewe mwongozaji mzuri, aondoke akiwa amefurahi. Hilo ni pato halali la mkoa wetu na halihitaji kuvikwa nguo ya huduma. Anayesema anajitolea sheria yetu ya uhamiaji tayari inamtambua kwa kundi lake, kibali cha ukaazi cha daraja C, kwa hiyo Serikali inajua yupo. Kinachokosekana ni kijiji au mtaa kujua.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, unaweza kuamua kwamba hakuna mgeni atakayejitolea katika shule, zahanati au shamba la kijiji bila kuletwa kwanza kwa mwenyekiti na afisa mtendaji, kupewa familia ya kukaa nayo na kupewa msimamizi mmoja mwenye jina, ambaye ni mwenyeji na anayeifahamu kazi hiyo. Akae muda wa kutosha kujifunza kuomba maji na kuuliza bei bila mkalimani. Kituo cha watoto kiwe cha mwisho kabisa kumfungulia mlango, na iwe kwa aliyesomea malezi. Familia itakayompokea isiwe ile yenye nyumba kubwa kuliko zote. Iwe ile ambayo mama wa nyumba anaogopwa kidogo.

Na fedha zizungumzwe wazi, maana hapo ndipo mipango mingi mizuri hufia. Kule Jamaika kanisa lililonileta lilimlipa mama mwenye nyumba moja kwa moja kila mwezi, kiasi kilitajwa mbele ya kamati, na kila jirani alikijua, kwa hiyo hakukuwa na mnong'ono. Hapa mgeni hulipa kampuni, kampuni hulipa hosteli, na shule hupata rangi ya ukuta. Kampuni ikitaka kuendelea kuleta wageni katika kijiji, ibandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji fungu linalokwenda kwa familia, fungu linalokwenda kwa msimamizi na lile linalobaki kwake.

Mimi nimekwisha kumwandikia mwenyekiti wa kijiji chetu nikiomba jambo hili liingizwe katika agenda za mkutano ujao. Chumba cha mwanangu aliyehamia Dodoma kiko wazi, na nimekitoa kwa mgeni wa kwanza atakayeletwa kwa utaratibu huo, awe wa Ulaya au wa Jamaika, kwa sharti moja ambalo nimeliweka kwa maandishi: taarifa za mwenendo wake kwa kamati zitatolewa na mke wangu.

Ni mimi msomaji wako,
Afisa ugani mstaafu,
Kibosho, Moshi.